Matairi Yaliyopigwa Msasa

Usiniambie hukuona. Kama hukuwepo kwenye chumba kile juu ya gereji, ulikuwepo kwingine, mbele ya gari lingine, ukaona yale yale, ukafunga zipu ya koti ukaenda zako. Nimechoka kuwasikia watu wazima na akili zao wakisema, "Mimi sikuangalia vizuri." Uliangalia vizuri sana. Halafu ukageuza shingo, na shingo ya mtu haijigeuzi.

Kwa hiyo kaa nikusimulie habari ya mwanamke aliyeangalia kuliko ninyi nyote. Alilala chali chini ya basi saa mbili nzima, akapima, akapiga picha, akaandika vipimo kwenye daftari, na akatoka pale akiwa hajaona kitu. Sikusimulii ili umwonee huruma.

Anaitwa Ljubinka Cvetanović, ana miaka sitini na mmoja, anakaa ghorofa ya nne kwenye majengo ya nyuma ya kituo cha reli. Miaka ishirini na sita alipuliza rangi kwenye kiwanda cha magari cha mji wetu huku kusini mwa Serbia. Kiwanda kimeshakufa, waliokiua wanaishi vizuri. Barakoa za kuzuia mvuke wa rangi zilitolewa siku za wageni tu. Wageni wakishaondoka, zinarudi kabatini na kufuli juu. Watu mia tatu walijua. Wake zao na waume zao walijua, maana ndio waliofua foronya zenye makohozi ya buluu. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulikuwa na haraka ya kwenda sokoni.

Kiwanda kilipofungwa, mikono ya Ljubinka ilikataa kukaa bure. Akaanza kuunda magari madogo ya mfano kwenye meza ya jikoni, moja kwa ishirini na nne ya gari lenyewe, yaani lori zima linakaa juu ya sahani ya mkate. Akishavaa miwani ya kukuza hasikii hata simu. Vioo vya taa alivikata kwenye plastiki angavu za vidonge vya presha. Mikanda ya viti aliitoa kwenye utepe wa kufungia zawadi. Rangi aliipuliza tabaka saba nyembamba, kila moja ikikauka siku nzima, na kati yao msasa wa maji, taratibu, kwa ncha ya kidole.

Lakini sifa yake ilikuwa kwingine. Katika mchezo huu gari linalong'aa halimshangazi mtu. Anayeshinda ni yule anayejua kuchakaza: anayenyunyiza chembe za chumvi juu ya rangi mbichi ya kahawia, akapuliza nyeupe juu yake, kisha akaipangusa chumvi ikaacha madoa ya kutu yanayomfanya mtazamaji aogope kulishika gari asije akajichoma kidole. Ljubinka alikuwa malkia wa kutu. Tope alilitengeneza kwa mashapo ya kahawa na gundi. Wenzake wa klabu ya magari ya mfano walikuwa wakisema kigari chake ukikiweka dirishani, wezi wa vyuma chakavu watakuja kukipima.

Ghorofa ya chini yake anakaa Srećko, dereva, na mkewe Verica. Srećko alikuwa akiendesha basi dogo jeupe linalobeba wafanyakazi wa zamu kwenda kiwanda cha kushona viti, ng'ambo ya mlima. Basi lilikuwa mali ya Gvozden, mwenye mabasi, mwenye gereji, mwenye nusu ya barabara kuu. Jioni Srećko aliliegesha mbele ya jengo, alfajiri anaondoka nalo. Mwaka huu alitimiza miaka ishirini ya udereva, na Ljubinka akaahidi kumuundia basi lake dogo, jinsi lilivyo, na mikwaruzo yake yote.

Jumapili tarehe tisa Februari akashuka na kamera, rula, daftari na kipande cha kadibodi cha kulalia. Theluji ilikuwa imelundikana ukingoni. Verica akatoka na kahawa.

"Toka kwenye baridi hiyo, jirani. Figo zitaganda, halafu utatulalamikia sisi."

"Niache, Verica. Huku chini nimepata dhahabu."

"Dhahabu gani?" Srećko akauliza. Alikuwa amechuchumaa, amemshikia rula. "Hiyo ni kutu tupu."

"Kutu yenyewe ndiyo dhahabu. Huu mpira wa breki umepasuka vinyufa kama kisigino cha bibi yangu. Mtu angekaa mwaka mzima asiweze kubuni kitu kama hiki. Sogeza rula kwenye tairi. Chini zaidi."

Mifereji ya tairi la mbele ilikuwa na kina cha milimita moja. La nyuma, upande wa kushoto, rula haikupata cha kupima. Ljubinka akagawanya kwa ishirini na nne kichwani, akacheka peke yake. Hakukuwa na cha kuchonga. Matairi ya mfano yanayokuja kwenye boksi yana mifereji iliyochongwa vizuri. Haya angeyapiga msasa tu mpaka yawe laini.

"Kesho nambana Gvozden," Srećko akasema. "Anipe matairi, la sivyo funguo zake hizi hapa. Mlima ule una barafu."

"Ulisema hivyo Krismasi."

"Safari hii nasema kweli."

"Basi sema Ijumaa. Magurudumu ya nyuma sijayamaliza, mwanga umeshapotea. Ukinibadilishia matairi sasa umeniharibia kazi yote."

Srećko akacheka, akampa mkono kumtoa chini ya basi. "Haya, bibi mkubwa. Kwa heshima ya sanaa, Ijumaa."

Hayo ndiyo maneno. Yashike, kwa sababu yeye mwenyewe hajaweza kuyaachia.

Sasa, klabu ya akina Ljubinka ina desturi moja. Zamani mwanachama mmoja alishinda kwa kutu ya kubuni, kutu ya kichwani mwake, na kukatokea ugomvi mpaka watu hawakusalimiana. Tangu hapo ikaamuliwa: anayetaka kuunda gari kama lilivyo, alete jalada. Kila picha iwe na kadi ndani yake, yenye jina la fundi na tarehe, imeegemezwa kwenye gari lenyewe. Wanachama wanazipitisha picha mkono kwa mkono, na mwenyekiti anatia sahihi na muhuri kwenye ukurasa wa kwanza. Baada ya hapo hakuna wa kumwambia fundi kwamba amejitungia.

Jumatatu jioni Ljubinka akaenda na jalada lake. Walikuwa kumi na wawili pamoja naye, kwenye chumba kile cha juu ya gereji ya Gvozden, chumba ambacho Gvozden aliwapa bure na hakuchoka kuwakumbusha. Mwenyekiti ni Živadin, mwalimu mstaafu wa uchoraji, kichwa kinametameta. Kuna mfamasia. Kuna askari wa trafiki, naam, askari wa trafiki, anayeunda magari ya michezo ya Kiitaliano. Kuna mzee Tihomir, zimamoto mstaafu wa miaka sabini na minne, ambaye tangu azaliwe hajaunda kitu kisicho gari la zimamoto.

Picha zikazunguka. Mfamasia akapiga mluzi. Askari wa trafiki akaweka kidole juu ya picha ya tairi la nyuma, akasema, "Hii utaipata vipi rangi ya waya uliochungulia?" Wala si kwamba hakuuona. Aliuulizia rangi.

"Tairi hili lina kipara kumshinda mwenyekiti," Tihomir akasema.

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Živadin naye akacheka, akajipapasa kichwa, akatia sahihi, akagonga muhuri. Na Ljubinka, ili kicheko kisipoe, akawasimulia jinsi alivyomwomba Srećko asiguse matairi hadi Ijumaa. Wakacheka tena.

Watu kumi na wawili. Jumatatu.

Jumanne alfajiri basi lilitoka mbele ya jengo na wanawake kumi na wanne. Kwenye kona ya Jelenjak, kule mlimani, halikukata kona. Slavojka, mama wa watoto wawili, alifia pale pale. Dušanka alifia kwenye gari la wagonjwa. Tijana, binti wa miaka ishirini aliyekuwa na wiki ya tatu kazini, alikufa siku ya pili yake. Srećko akavunjika nyonga.

Basi likavutwa mpaka uani kwa Gvozden, likafunikwa turubai. Mkaguzi alifika Alhamisi. Aliandika, na ripoti mtu yeyote anaweza kuisoma, kwamba gari lilikuwa na matairi manne ya majira ya baridi katika hali nzuri sana. Nzuri sana. Gari limevingirika mita arobaini bondeni, paa limelala juu ya viti, na matairi bado yana vile vinywele vya mpira wa dukani. Kosa, wakasema, ni mwendo kasi. Srećko akafunguliwa mashtaka. Akipatikana na hatia ni miaka minane au zaidi, na hapo ana hamsini na sita na nyonga ya vyuma.

Ljubinka alilitia basi lake la mfano kwenye boksi la viatu akalisukuma juu ya kabati. Unadhani alikimbilia polisi? Hakukimbilia. Alikaa wiki kumi. Alipokutana na Verica kwenye ngazi alimuuliza hali ya mgonjwa, akapanda haraka. Kila alipofumba macho alisikia sauti yake mwenyewe, yenye furaha, ikisema "sema Ijumaa". Alijiambia Srećko asingembana Gvozden hata hivyo, alishasema Krismasi na hakumbana. Alijiambia hivyo akiosha vyombo, alijiambia hivyo kanisani. Kisha alijiuliza: na kama safari ile angembana?

Mwishoni mwa Aprili Verica akagonga mlango. Hakuketi.

"Wakili kamuuliza Srećko kama kuna mtu aliyelipiga picha basi kabla ya ajali. Srećko kasema hakuna."

Ljubinka akarudi kwenye sufuria yake.

"Mimi nilikuleteeni kahawa, jirani. Rula alikushikia yeye. Nikamuuliza, mbona unamdanganya wakili wako? Akasema, 'Usimwingize Ljubinka, atakufa kwa aibu.'" Verica akashika kitasa. "Basi nimekuja kukuona kama kweli unakufa. Naona unapika maharage."

Akashuka. Ljubinka akazima jiko. Akatoa boksi juu ya kabati, akaketi nalo mapajani mpaka maharage yakapoa.

Kesho yake alimwendea Živadin klabuni. Majalada yote hukaa kwenye kabati la klabu, na ufunguo anao mwenyekiti. Živadin akampa jalada. Picha zilikuwepo zote. Ukurasa wa kwanza haukuwepo.

"Karatasi yenye sahihi yako iko wapi?"

"Dada yangu, makaratasi ya klabu hii unayajua. Panya wanakula."

"Panya kala karatasi moja, kaacha pini?"

Živadin akamimina rakia, pombe kali ya matunda, vikombe viwili vidogo. Cha kwake akakinywa. "Sikiliza. Chumba hiki cha nani? Umeme wa nani? Tukifukuzwa hapa tutaundia wapi, barazani? Na hayo si kitu. Wewe fikiria nafsi yako. Utasimama mbele ya hakimu useme ulimwambia dereva asibadilishe matairi? Ulitusimulia mwenyewe. Nikiulizwa, nami itabidi niyaseme hayo."

"Kwa hiyo unakumbuka."

"Nakumbuka nini?"

"Jumatatu. Unakumbuka nilichosimulia, basi unakumbuka na picha."

Živadin akatazama kikombe cha pili, kile alichommiminia yeye, akakinywa nacho.

Nitakwambia kitu kuhusu Živadin, kwa sababu wengine watakuambia ni mtu mbaya. Si mtu mbaya. Aliwafundisha nusu ya mji kushika penseli. Mke wake alipougua, Ljubinka alimpikia. Ni mtu mwema ambaye amepewa chumba bure, na mimi watu wa namna hiyo nawaogopa kuliko Gvozden. Gvozden mmoja hawezi kitu. Anahitaji wema kumi.

Wakili wa Srećko, Ljubinka alipompelekea picha, alisema peke yake hazitoshi. Kamera ya Ljubinka ni ya zamani, ukitoa betri saa yake inarudi tarehe mosi Januari ya mwaka iliotengenezwa, na hajawahi kuirekebisha. Ndiyo sababu ya kadi. Na kadi ni mwandiko wake. Bila sahihi ya Živadin, mwendesha mashtaka atasema kikadi kama hicho hata leo kinaandikika. "Nahitaji watu walioziona Jumatatu," wakili akasema. "Mlikuwa wangapi?"

Maonyesho ya klabu yalikuwa Jumamosi ya katikati ya Mei, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Wiki mbili kabla yake Ljubinka alilimaliza basi. Alifanya kila kitu: ufa wa kioo cha pembeni, kiti cha tatu kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, mpira wa breki wenye vinyufa, aliouunda kwa risasi laini ya kulehemia. Matairi manne alishayapiga msasa tangu Jumapili ile ile. Hakuyagusa tena. Akalipeleka, akaweka kibao: Basi dogo, kama lilivyokuwa Jumapili tarehe 9 Februari. Pembeni akaliweka jalada, limefunguliwa.

Waamuzi wawili walitoka mji mwingine, na kurunzi zao. Waliinama, wakatazama, wakanong'onezana. Mmoja akasema hajaona matairi yaliyochakazwa vile miaka kumi. Ndipo Živadin akaja na karatasi, nakala ya ripoti ya ukaguzi, akawaonyesha. Basi hili, kwa mujibu wa serikali, lilikuwa na matairi mapya. Kwa hiyo kazi haifanani na gari lenyewe. Waamuzi wakatazamana. Kanuni ni kanuni. Kibao cha namba ya shindano kikaondolewa mezani kwake.

"Yabadilishe matairi, Ljubinka," Živadin akasema kwa sauti ya chini. "Manne tu. Ninayo mapya kwenye mkoba. Gundi inakauka dakika tano, kombe ni lako, na mambo yanaishia hapa."

Ljubinka akamwacha pale pale. Alikwenda meza kwa meza. Kwa mfamasia alisema, "Ulipiga mluzi." Mfamasia akasema anapiga mluzi kila siku, ni tabia. Kwa askari wa trafiki alisema, "Uliweka kidole juu ya waya."

"Sikuwa zamuni," askari akasema.

"Macho yako yana zamu?"

"Mama, mimi nina watoto."

"Slavojka alikuwa nao wawili."

Mwingine alikuwa na mkutano wa haraka na simu yake. Mwingine alisema yeye hana kinyongo na mtu. Tihomir alikuwa amekaa nyuma ya magari yake mekundu, ameinamisha kichwa, anafuta vumbi kwenye ngazi isiyo na vumbi. Ljubinka hakumfikia, maana aliporudi mezani kwake alimkuta mtu amesimama.

Alikuwa Zagorka, mama yake Tijana, bado amevaa nguo nyeusi. Ndiye aliyetema mate kwenye mlango wa Srećko mwezi Machi, mbele ya majirani. Alikuwa amelikazia macho lile basi dogo, mikono imekumbatia mkoba.

"Alikaa wapi?" akauliza.

Ljubinka akachukua kibano. Hakujua afanye nini kingine. Kwa ncha yake akaonyesha, dirisha la tatu, kushoto. "Hapa. Waliookoka walisema hapa."

Zagorka akainama karibu sana. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo kidogo cha dirisha.

"Na magurudumu haya ndivyo yalivyokuwa?"

"Ndivyo."

"Umejuaje?"

"Niliyapima. Siku mbili kabla."

"Uliyapima." Zagorka alisema taratibu, kama anayejifunza neno. "Ukafanya nini?"

"Nikayapiga picha. Dereva alitaka kwenda kudai matairi mapya. Nikamwambia asubiri mpaka nimalize."

Hakupandisha sauti, lakini meza za karibu zilisikia.  Watu walidhani Zagorka atampiga, na nadhani Ljubinka alitamani apigwe. Zagorka akainua jalada, akatazama picha moja moja, kadi moja moja, akalirudisha pale pale lilipokuwa.

"Yakaseme hayo mahakamani," akasema. "Yote. Na hayo ya kusubiri pia. Ukiliacha moja, nitasimama pale pale nilimalizie mimi."

Akaondoka. Hakumshika mkono wala hakumlaani.

Ndipo mzee Tihomir akanyanyuka. Alitembea kutoka meza yake mpaka ya Ljubinka, hatua kama ishirini, mbele ya macho ya klabu nzima, akaomba kalamu. Živadin akasema, "Mzee Tihomir, fikiria kwanza," na Tihomir akamjibu kwamba ameshafikiria tangu Februari na hakuna faida aliyoipata. Akaandika nyuma ya picha ya tairi la kushoto kwamba aliiona Jumatatu jioni, tarehe kumi Februari, akatia jina.

"Mimi nilitania kuhusu kipara," alimwambia Ljubinka. "Mtu hatanii kitu ambacho hajakiona."

Kesi ilisikilizwa Alhamisi tarehe kumi na mbili Juni. Ljubinka alivaa koti la suti alilonunulia mazishi ya mumewe. Alisema yote. Aliposema "sema Ijumaa", Srećko, aliyekaa na fimbo yake kizimbani, alitikisa kichwa kumkatalia, amkinge hata hapo. Hakimu, mwanamke mwenye sauti ndogo, akamwambia mshtakiwa atulie. Mwendesha mashtaka akaionyesha mahakama kamera yenye tarehe mosi Januari. Akasema shahidi ni jirani na rafiki wa mshtakiwa. Akasema huenda matairi yalibadilishwa Jumatatu usiku. Ljubinka akamjibu kwamba basi lililala mbele ya dirisha lake, na kwamba Jumanne, saa kumi na nusu alfajiri, alitoa kichwa nje akalitazama tena, kuangalia jinsi theluji ilivyokaa juu ya matairi yale yale, maana alitaka kuiunda na hiyo theluji. 

Kisha Tihomir akatoa ushahidi wake. Ana miaka sabini na minne, mwendesha mashtaka akasema, ametolewa mtoto wa jicho mwaka jana, na utani wake si ushahidi.

Hakimu akaandika muda mrefu. Akauliza, "Jumatatu hiyo walikuwepo wangapi chumbani?"

"Kumi na wawili," Ljubinka akasema.

"Hapa nimewasikia wawili. Kumi wako wapi?"

Kumi hawakuwepo. Wakili wa Srećko akaomba waitwe. Hakimu akasema mwenyekiti ameshaandika barua kwamba hakumbuki jalada lolote, na kwamba mahakama haitawaburuta watu kumi kwa kubahatisha. Anayejua jambo milango iko wazi. Ametoa mpaka Alhamisi tarehe ishirini na sita. Baada ya hapo anafunga ushahidi, na atahukumu kwa ripoti iliyopo, ile ya matairi mazuri sana.

Leo ni Jumatatu. Basi lingine la Gvozden limepita chini ya dirisha la Ljubinka asubuhi ya leo, limejaa wanawake, linaelekea mlimani.

Basi wewe, mfamasia, funga dawa zako saa moja tu. Wewe askari, vaa sare au vaa kaptula, mahakama haijali zamu. Živadin, karatasi ile hukuichoma, nakujua, mtu wa kuchora hachomi karatasi yenye muhuri; itoe ulikoificha. Na wewe mwingine unayesoma, usiyeijua Serbia wala Jelenjak, unayo picha kwenye simu yako, ya gari la shule, ya lifti, ya nguzo yenye ufa, uliipiga ukacheka ukawatumia marafiki. Ipeleke leo kwa anayepaswa kuiona, na jina lako kamili chini yake. Ninyi kumi: mahakamani, ghorofa ya pili, chumba namba saba, karani yupo mpaka saa tisa alasiri. Siku zimebaki tatu. Simameni, mwende sasa hivi.